Tulivyokwenda Eastlands Kumtafutia Baba Hamu ya Kula

Tangu nirudi sijasuka kichwa hata kimoja bila kuulizwa habari za Nairobi. Mteja anakaa kwenye kiti, na kabla sijashika kitana swali limeshatoka: mlikula nini, mlitembea wapi, na watu wa kule wanaongeaje? Mama Juma wa duka la jirani ameuliza mpaka naye sasa anawasimulia wengine, na anasimulia vibaya. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote hapa. Mwenye haja asome, mimi nisuke. Habari za tiketi na mihuri naziruka, hazijawahi kumfurahisha mtu.

Musoma hadi Isebania

Mnaomfahamu baba mnajua alivyokuwa. Fundi mwashi, mtu wa mabega, ambaye akimaliza sahani ya ugali alikuwa anaigonga kwa ukucha ili mama aongeze. Tulipomzika mama, mvua za masika zilipoanza, hamu yake ya chakula ikaondoka. Hakugoma. Angegoma ningejua la kufanya. Alikuwa anakaa mezani, ananawa, anamega tonge, analifinyanga mpaka linapoa, kisha analirudisha sahanini taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha mwenyewe. Uji alikunywa vijiko vichache, na hivyo ni kwa kunionea huruma. Suruali zake nikawa nazipunguza kiuno, nazipunguza tena. Daktari alimpima, akasema haoni ugonjwa, ila ale.

Shangazi Nyanjura, dada yake baba, aliolewa Nairobi kabla mimi sijazaliwa. Siku hizi ni mjane, anakaa mtaa wa Umoja, huko Eastlands, mashariki ya jiji. Nilipomweleza kwa simu alisema, "Mlete. Eastlands hii watu wanakula barabarani tangu asubuhi mpaka usiku. Akishindwa kula huku, hata mbinguni hatakula."

Baba hakubisha. Alivaa koti lake la kanisani, akakaa dirishani, akitazama nje mpaka mpakani Sirari.

Tulipovuka upande wa Kenya, basi lilisimama ili watu wale. Tukaingia kwenye hoteli ndogo pale Isebania. Nikamuuliza baba, kama kawaida, angependa nini, na wala sikutegemea jibu. Akasema, "Labda choroko."

Jamani, nilisimama kama niliyeitwa na mkuu wa mkoa. Nikamwita mhudumu. "Tuletee wali na choroko."

"Cho-nini?"

"Choroko."

"Hiyo hatuna, madam. Kuna ndengu, kuna beans, kuna matumbo."

Nikamweleza: ni punje ndogo, za kijani, zinachemshwa, zinaungwa. Akamwita mpishi. Mpishi akaniuliza kama ni mboga ya majani. Mteja wa meza ya pili akasema labda ni samaki, maana watu wa Tanzania wanakula samaki sana. Mwishowe mpishi alirudi na punje chache kiganjani. "Ama ni hizi?"

"Ndizo!"

"Sasa si hizi ndizo ndengu!"

Hoteli nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, na hapohapo dereva akapiga honi. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshasimama na kofia mkononi. "Twende," alisema. "Basi lisituache." Mara ya kwanza kutamka jina la chakula tangu msiba, na likapotea kwa sababu ya jina lenyewe. Mkienda, kumbukeni: ndengu ni choroko, minji ni njegere, na ukiagiza chai utaletewa ya maziwa.

Kisii, na pale tulipokwama

Kisii ni kijani cha kukutia wazimu. Migomba imepanda milima mpaka juu, na wauza ndizi wanalizunguka basi kama kuku waliomwagiwa mtama. Nilimnunulia baba kichana. Alichukua ndizi moja, akaishika, na akawa ameishika hivyohivyo vilima vyote vya Bomet, mpaka ngozi ikaanza kuwa nyeusi pale vidole vyake vilipokaa.

Tulipita Narok, na mbele kidogo basi likatoa moshi mweupe, likasimama. Utingo akatutangazia kwamba ni kitu kidogo tu. Kitu kidogo hicho kilitukalisha kwenye nyasi mpaka jua likapita utosi. Lakini sijutii. Nilikuwa sijawahi kuona nchi iliyolala wazi namna ile, upepo ukiyapapasa majani kama mkono juu ya kitambaa, na ng'ombe mbali sana wadogo kama mbegu. Abiria walitoa walivyonavyo. Mama mmoja alikuwa na mayai ya kuchemsha, kijana mmoja mkate, mimi ndizi zangu, na tukala wote kama ukoo mmoja.

Baba hakula. Alikuwa ameshuka chini ya barabara, kwenye kalavati la mawe, anaupapasa ukuta wake na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Nilimwita, akanionyesha mkono kwamba nisubiri. Nilidhani anataka kujisaidia.

Basi lilipopona tulipanda ule mwinuko mkubwa wa Mai Mahiu, na bonde lote likafunguka upande wa dirisha la baba. Niliona ameweka kiganja kwenye kioo.

Umoja

Tuliingia Umoja usiku, na Shangazi Nyanjura alikuwa amesimama getini na kanga begani. Baba na dadaye walishikana mikono muda mrefu. Kisha akatuingiza ndani, na mezani palikuwa na samaki mzima, mkubwa, aliyemtafuta soko zima ili awe kama wa nyumbani, amemwekea na nyanya chungu, na ugali wa muhogo ambao sijui aliupataje.

Baba alinawa. Alimega. Alifinyanga. Alirudisha.

"Kaka, samaki ana nini?"

"Hana kitu, Nyanjura. Ni mzuri."

Shangazi alikwenda jikoni akafungua bomba la maji. Maji yalitiririka muda mrefu bila sauti ya chombo chochote kuoshwa, na nikajua analia.

Asubuhi nilitoka nje, na hapo ndipo nilipoona tulikofikia. Mtaa ulijengwa zamani kwa nyumba ndogo za chini, zinazofanana. Kisha kila mwenye nyumba akaongeza. Mmoja kaongeza chumba, mwingine ghorofa, mwingine ghorofa juu ya ghorofa, mpaka nyumba ya asili imebaki katikati kama mtoto aliyebebwa na wajomba. Ngazi zinapanda kwa nje, nguo zinaning'inia juu ya kichwa chako kama bendera za sherehe, na chini kila mlango ni duka: kinyozi, mtumba, mboga zinazokatwa mbele yako nyembamba kama nyuzi, mayai, simu, dawa. Na kelele, na harufu ya vitunguu, na watoto wa shule, na wimbo wa dini unagombana na muziki wa dansi kutoka madirisha mawili. Nilishika nguzo. Sijui nilikuwa naogopa au nafurahi.

Baba alikuwa ameshatoka kabla yangu. Alisimama katikati ya njia, kichwa juu, akikagua ghorofa moja iliyoegemea nyingine. Kijana mmoja akapita na kumsalimia kwa heshima zake zote za kule. "Niaje, mzee!"

Baba akageuka. "Aje nani?"

"Ha? Nasema niaje."

"Nimekusikia. Unataka aje nani?"

Kijana alinitazama mimi, akatazama baba, akaanza kucheka na kuinama. "Mzee ni salamu tu! Uko poa?" Baba akajibu kwamba kwetu mtu wa rika lake anaambiwa shikamoo. Kijana akasema, "Basi shikamoo," kwa shida kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake, na baba akamwitikia, "Marahaba." Tangu siku hiyo kila alipopita kwenye kona ile vijana walimpigia kelele "Shikamoo mzee!" wakiwa kundi zima, na yeye aliitikia bila kutabasamu, lakini hakuwahi kubadili njia.

Majengo na Burma

Shangazi aliwaambia majirani, na majirani wakawaambia wengine, kwamba kuna mzee ametoka Tanzania, hali chakula. Sijawahi kuona watu wa mji mkubwa wakijali jambo la mtu wasiyemjua namna ile. Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja: mpeleke Eastleigh akale wali wa Kisomali, unaletewa na ndizi mbivu pembeni. Mwingine: hapana, supu ya kichwa cha mbuzi, asubuhi na mapema, kabla hajawaza. Mwenye duka la dawa, ambaye nilitegemea ataniambia habari za vidonge, alisema, "Mpeleke Majengo kwa mahamri na mbaazi. Hiyo haikataliwi na mtu."

Tukaenda Majengo. Ni mtaa wa zamani, nyumba zimebanana, na jirani yake ni Gikomba ambako nguo za mitumba zimerundikwa kama vilima, watu wanapita katikati wakiwa na marobota kichwani na kupiga kelele upishe. Mimi wa Musoma nilimshika baba mkono kama mtoto, ingawa sijui nani alikuwa anamshika nani. Ndani ya uchochoro tulimkuta Bi Mwanaisha, mwanamke mnene mwenye baibui na macho ya kucheka, akikaanga mahamri mlangoni kwake. Yalikuwa yanavimba kwenye mafuta kama yanavuta pumzi. Iliki ilinifikia kabla salamu haijafika.

Huyo alizungumza Kiswahili cha kumtuliza baba. "Shikamoo baba. Karibu ukae. Umefika, pumzika." Akatuwekea mbaazi za nazi, na mahamri manne ya moto. Mimi nilikula matatu. Siwezi kuwadanganya, nilikula na macho yamefumba.

Baba alilivunja moja, akautazama mvuke ukitoka, akalirudisha.

Bi Mwanaisha aliinuka. Alichukua birika la kahawa, akammiminia kikombe kidogo, chungu, bila sukari. Baba akanywa. Akammiminia cha pili. Akanywa. Tulipoaga aliniambia pembeni, "Usimtazame hivyo, mwanangu. Unamkodolea macho kama paka wa buchani. Hata mimi nisingekula."

Maneno hayo yaliniuma, lakini si kiasi cha kunisaidia, maana kesho yake nilimpeleka Burma na nikamkodolea vilevile. Burma ni soko la nyama, na ukifika unachagua paja la mbuzi likiwa linaning'inia, linachomwa, linaletwa juu ya ubao, linakatwa mbele yako na chumvi na kachumbari. Moshi wake ni wa heshima, unatoka na nguo zako zikinukia sherehe. Mhudumu akaniuliza, "Mnataka choma ama karanga?"

Nikamjibu, "Choma kwanza. Karanga utatuletea tutafune wakati tunasubiri."

Akanishangaa, lakini akaenda. Baada ya muda akaweka mezani bakuli kubwa la nyama ya mchuzi. Nikamwambia sikuagiza. Akasema, "Si ulisema karanga tukisubiri choma? Hii ndiyo karanga." Kumbe kule karanga ni nyama iliyokaangwa na kuwekewa mchuzi, na zile za kutafuna zinaitwa njugu. Basi tukawa na bakuli la mchuzi na ubao wa nyama choma, watu wawili, na mmoja wao hali. Meza ya jirani ilitusaidia, wakatuombea baraka, wakatufungia nyingine kwenye karatasi. Baba alikaa na mikono mapajani. Njiani kurudi aliniambia, kwa upole sana, "Neema, unajichosha." Usiku ule niliamua kwamba nimeshindwa, nitamrudisha nyumbani.

Kibanda cha Mama Shiro

Mama Shiro anauza chakula kwenye kibanda cha mabati, hatua chache kutoka kwa shangazi. Ni mwanamke wa Murang'a, mrefu, mwenye sauti ya kuita mifugo. Anapika githeri, yaani kande tunayoijua sote, na chapati na maharage ambayo wao wanayaita madondo, na mafundi na makondakta na wasusi wenzangu wanakula pale kwenye mabenchi. Jiko lake alilijenga mwenyewe kwa matofali na udongo, na lilikuwa linatoa moshi upande ambao halikupaswa. Wateja walikula wakitoa machozi, na walizoea.

Nilikwenda pale asubuhi na baba ili tu asikae ndani. Mama Shiro alikuwa anapepea na kukohoa. Baba alisimama, akalizunguka jiko, akachuchumaa.

"Hili limejengwa na nani?"

"Ni mimi, mzee. Kwani liko na shida gani?"

"Mdomo wake unatazama upepo. Na hapa nyuma limepasuka, moshi unapata njia mbili, unachagua mbaya."

"Sasa nifanye nini? Mimi ni mpishi."

Baba akavua koti. Nilitaka kumzuia, nguvu zenyewe angezitoa wapi? Shangazi akanivuta nyuma. "Mwache."

Mama Shiro aliteremsha sufuria, akaipeleka juu ya mawe matatu pembeni. Baba akavunja jiko lote. Wateja walianza kulalamika, lakini fundi mmoja wa rangi akasema kuna jengo linabomolewa mtaa wa pili, na akaenda, akarudi na wenzake na matofali mazuri ya zamani kwenye mkokoteni. Mwingine alileta udongo. Baba aliuonja kwa vidole, akaukataa, akataka mwingine. Alipiga magoti. Alikuwa anasema peke yake, maneno ya kazi: "Njoo hapa. Hivyo. Kaa." Mikono yake niliitambua. Tangu msiba nilikuwa sijaiona ikifanya kitu chochote zaidi ya kufinyanga tonge na kulirudisha.

Jua likapanda. Jasho likamlowesha shati mgongoni. Ikafika saa ya chakula cha mchana na mabenchi yakajaa, na Mama Shiro akawa anagawa sahani. Alipofika kwa baba hakumuuliza kitu. Aliweka sahani ya madondo na chapati mbili juu ya tofali karibu na goti lake, kama unavyomwekea fundi yeyote, akageuka kuendelea na wengine.

Baba aliweka tofali. Akalisawazisha. Akapangusa mkono kwenye suruali, akachukua chapati, akaikunja, akachota maharage, akatia mdomoni. Akatafuna huku analitazama jiko, kichwa ameinamisha upande. Akameza. Akachota tena.

Nilimwona shangazi ameshika kanga yake mdomoni. Mimi nilikumbuka maneno ya Bi Mwanaisha, nikageuza uso wangu kwa nguvu, nikautazama ukuta wa kinyozi, nikausoma mchoro wa vichwa vya kunyoa wote, kichwa kimoja kimoja. Fundi wa rangi akaanza, "Aiii, kumbe mzee ana-" na Mama Shiro akamchapa mwiko begani. Akanyamaza. Benchi la pili likaelewa, likanyamaza. Mtu akapunguza redio. Watu wazima wa Umoja, wenye haraka zao, walikaa pale wakila kimya na kutazama pembeni ili mzee mmoja wasiyemjua asigundue kwamba anakula. Sijawahi kuingia kanisa lililotulia namna ile.

Kisha baba, bila kugeuka, akasema, "Hamna pilipili?"

Nadhani zilitoka pilipili kwenye kila meza.

Jiko lile moshi wake sasa unapanda juu moja kwa moja. Mkifika Umoja ulizeni kwa Mama Shiro ambaye jiko lake halitoi machozi, mtaonyeshwa.

Jumapili alasiri

Baada ya siku ile baba alikula kila alipofanya kazi, na kazi haikukosekana, maana wapishi wengine walikuja kuliangalia jiko, na kila mmoja aliondoka akiwa ameahidiwa jiko lake. Kula pasipo kazi bado ilikuwa shida. Jumapili, baada ya ibada, shangazi alisema leo hatupiki, tunakwenda kusikiliza muziki Buruburu.

Mlioniuliza starehe za Eastlands, hii ndiyo nitakayowaambia. Zipo za vijana, zenye taa na vishindo, sikuzijaribu. Lakini Jumapili saa za alasiri kuna bustani zenye viti vya plastiki na miti michache, na bendi ya wazee wenye mashati yaliyopigwa pasi wanapiga rumba ya zamani. Waliojaa pale wana mvi. Wamama wametoka na vilemba vya kanisani na Biblia kwenye mikoba, wababa wamevaa kofia. Gitaa linaanza peke yake, lembamba, linazungumza. Kisha jingine linalijibu. Na wawili wawili wanasimama bila kuombana, wanaingia uwanjani, wanacheza karibu bila kusogea. Nilimtazama bibi mmoja mwenye fimbo. Alimpa mwenziwe wa mezani aishike, akacheza wimbo mzima, akarudi kuidai fimbo yake.

"Mama yako angekuwa ameshasimama," akasema baba.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama yupi?"

"Mama yako. Una wangapi?"

Mama yangu mimi alikuwa mwalimu wa kwaya. Redio ikipiga dansi alikuwa anaizima.

Shangazi akacheka mpaka akashika meza. "Neema, hukuambiwa? Kwani unafikiri walikutana wapi? Mama yako alikuwa anatoroka kwao kwa dirisha! Musoma nzima ilikuwa inasimama kumtazama akicheza. Kaka yangu huyu alikuwa anamkanyaga miguu tu."

"Sikuwa namkanyaga," akasema baba. "Alikuwa ananishinda. Akizunguka mimi bado natafuta mguu wa kuanzia." Alitazama uwanja. "Tulipokuzaa wewe akasema basi, sasa amekuwa mama wa mtu. Nilimwambia aendelee. Akasema hapana, Masatu, nimecheza vya kutosha. Lakini jikoni, wewe ukilala, alikuwa anacheza."

Nilikaa na habari hiyo kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ghafla, hajui amshike vipi. Mama, jikoni, anacheza.

Baba alisimama, akampa dadaye mkono, wakaingia katikati ya wale wazee. Na ni kweli, anakanyaga.

Waliporudi wanahema alivuta sahani yangu ya viazi na kuku, akala iliyobaki yote, na wala hakuna tofali alilolishika siku ile. Halafu akaniambia kwamba yeye atabaki kidogo. Nyanjura anakaa peke yake, na ameahidi majiko. "Wewe rudi. Saluni haijifungui yenyewe."

Kurudi

Nilirudi peke yangu, kiti cha dirishani. Nairobi ilibaki nyuma, bonde likafunguka upande mwingine, na mimi nilikuwa mzima kabisa, nahesabu wateja niliowapoteza. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Migori, mtu mzima, mwenye kopo la viazi vitamu vya kuchemsha. Tulipoingia Narok alilifungua, akanisogezea. "Chukua, mwanangu. Safari ni refu."

Nilichukua kiazi. Nikakimega. Nikakiweka mdomoni, na hakikushuka. Nilijaribu kumeza na koo likakataa, machozi yakaanza kunitoka bila sauti, kisha kwa sauti, mbele ya basi zima. Mama yule hakushtuka. Alifunika kopo, akaliweka chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umefiwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Mama."

"Juzi?"

"Hapana. Ni tangu masika."

Akanitazama. "Tangu masika. Na hukulia?"

"Nilikuwa na mzee," nikasema. "Alikuwa hali."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu lililokamilika, na hakuuliza tena. Alinishikilia mpaka Bomet, tambarare yote ikipita, na mimi nikimlilia mama yangu aliyetoroka kwa dirisha kwenda kucheza. Vilima vya Kisii vilipoanza kuonekana, alichukua lile kopo tena, akalifungua, akaliweka katikati yetu. Kisha akageuza uso akatazama upande wa pili wa barabara, nami nikala.